Si Kila Mgonjwa Anapumua Mara 20

Fungua faili la mgonjwa ambaye wodi nzima inasema alizidiwa ghafla, kisha rudi nyuma kurasa mbili tatu. Mara nyingi hiyo ghafla huioni. Mapigo yalianza kupanda mchana, mkojo ukapungua jioni, usiku wa manane mtu akaandika "mgonjwa hatulii", na alfajiri moyo ukasimama. Mwaka 1990 ulichapishwa nchini Marekani utafiti wa wagonjwa 64 ambao mioyo yao ilisimama wakiwa wamelazwa. Kati yao, 84% walikuwa na kumbukumbu ya kuzorota au ya malalamiko mapya ndani ya saa 8 kabla ya tukio, na kwa 70% ya wote kilichokuwa kimebadilika ni upumuaji au akili. Uliniuma nilipousoma, kwa sababu mabadiliko hayo yalikuwa yameandikwa. Kuna mtu aliyaona, akashika kalamu, na habari ikalala humo humo kwenye karatasi.

Nimeuguza kwanza wodi ya upasuaji, baadaye chumba cha wagonjwa mahututi. Mahututi kuna mashine inayopiga kelele kila kitu kinapokwenda mrama. Wodini hakuna. Ukitoa macho, mikono na masikio ya muuguzi, na ndugu anayemfahamu mgonjwa, hakuna kingine kinachomlinda mtu aliyeanza kuzorota saa 8 usiku. Ndiyo maana ninayoyaandika hapa yanawahusu zaidi wenzangu wa wodini, hasa wanaoanza kazi.

Nianze na pumzi. Pitia chati za wodini utazame safu ya upumuaji: 20, 20, 20, 18, 20. Mzee wa nimonia 20, kijana aliyepasuliwa ngiri 20, mama aliyejifungua jana 20. Si uvivu peke yake. Presha ina mashine, joto lina kipimajoto, oksijeni ina kifaa cha kidoleni, na mapigo yanasomeka kwenye kifaa hicho hicho. Upumuaji tu ndio unaokudai usimame dakika nzima ukimtazama mtu, na dakika nzima kwenye zamu yenye wagonjwa wengi ni mali. Hata hivyo, hicho ndicho kipimo kinachowahi kubadilika kuliko vingine karibu vyote. Tishu zinapokosa oksijeni ya kutosha, iwe kwa sababu damu imepotea, maambukizi yamesambaa au moyo hausukumi vizuri, huzalisha asidi. Mwili unaihisi asidi hiyo, na ubongo unayaamuru mapafu yaharakishe ili yatoe kaboni dayoksaidi nyingi zaidi. Mwili unajiokoa wenyewe, na kwa saa kadhaa unaweza kufanikiwa. Presha huwa bado nzuri. Mgonjwa anaweza hata kutabasamu. Kinachosema kweli wakati huo ni kifua kinachopanda na kushuka mara 26 badala ya 16.

Presha nayo imewadanganya wengi. Kijana mwenye mishipa imara anaweza kupoteza karibu 30% ya damu yake kabla namba ya juu ya presha yake haijashuka. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kuwa na presha 112 kwa 80 huku mapigo yake ni 124 na viganja vimepoa. Ukisubiri presha ishuke ndipo uite msaada, unasubiri mwili uishiwe akiba yote.

Sista mmoja aliyekuwa kiongozi wa wodi yetu nilipoanza kazi ndiye aliyenionyesha namna ya kuhesabu. Mtu akijua unamhesabia pumzi, anabadilisha anavyopumua. Wengine hubana, wengine huvuta ndefu kama wanapigwa picha ya kifua. Kwa hiyo shika kwanza mkono wake, hesabu mapigo, na ukimaliza usiuachie. Endelea kukishika kifundo kama bado unahesabu, ila macho yahamie kifuani. Kama hakionekani vizuri, tazama pindo la blanketi. Hesabu sekunde 60 kamili, si 15 mara nne, kwa sababu mgonjwa aliyeanza kuharibikiwa hapumui kwa mpangilio: anaweza kupumua mbio, akakata, akaanza upya, na ukihesabu robo dakika unaokota kipande kimoja tu. Wakati huo huo tazama mengine. Je, matundu ya pua yanatanuka? Misuli ya shingo inasaidia? Ngozi kati ya mbavu inaingia ndani? Anaweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati?

Hilo la sentensi ndilo lililomwokoa mzee mmoja ninayemkumbuka sana. Alikuwa siku ya tatu baada ya kukatwa sehemu ya utumbo. Nilimkuta ameegemea mito, ana oksijeni kidogo ya puani, na namba zake juu juu hazikuwa za kutisha: oksijeni 97%, presha 118 kwa 74, joto 37.4, mapigo 108. Nilimsalimia, nikamuuliza kama amekula. Akajibu, "Nime... nimekunywa... uji... kidogo." Maneno yalitoka moja moja, na katikati ya kila neno akivuta hewa. Nilishika mkono nikahesabu. Pumzi 28.

Hapa nieleze kwa namba, maana ndipo uzito wa dakika ile unapoonekana. Tulikuwa tunatumia NEWS2, mfumo wa alama za tahadhari wa chuo cha kifalme cha madaktari cha London, uliotolewa mwaka 2012 na kuboreshwa mwaka 2017. Kila kipimo kinapewa alama 0 hadi 3. Kwa mzee huyu, kuwa kwenye oksijeni kulimpa alama 2, mapigo 108 yakampa 1, vingine sifuri. Upumuaji wa 25 na kuendelea hupewa 3. Jumla 6. Katika mfumo huo, jumla ya 5 au 6 inadai daktari aitwe kwa haraka na mgonjwa apimwe angalau kila saa. Sasa chukua mgonjwa huyo huyo, mwandikie 20 kwa mazoea. Jumla inakuwa 3, na kwa 3 unaruhusiwa kurudi baada ya saa 4 hadi 6. Mshono wa ndani wa utumbo ulikuwa umeachia. Alirudishwa thieta usiku ule ule, akakutwa na usaha tumboni, akasafishwa, na baada ya majuma ya kuuguzwa aliondoka hospitali kwa miguu yake. Saa 4 hadi 6 za kusubiri zingetosha kabisa kumfikisha mahali pengine.

Kuhusu kifaa cha kidoleni, nakipenda, lakini kina mipaka ambayo kila anayekitumia anapaswa kuijua. Kinaonyesha oksijeni iliyobebwa na damu. Hakionyeshi kama mgonjwa anatoa kaboni dayoksaidi. Mtu aliyepewa mofini nyingi, ile dawa kali ya maumivu, akiwa na oksijeni ya barakoa, anaweza kusoma 98% huku anapumua mara 7 kwa dakika na kuzama taratibu kwenye usingizi ambao si usingizi. Vidole vya baridi, presha iliyoshuka na rangi ya kucha huvuruga usomaji. Na kuna jambo linalotuhusu sana sisi tunaouguza watu wenye ngozi nyeusi: utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Kwa hiyo 93% kwenye ngozi nyeusi naichukulia kwa tahadhari kubwa, na rangi ya mgonjwa naitafuta kwenye ulimi, ndani ya midomo, viganjani na kwenye utando wa ndani wa kope. Usoni pa mtu mweusi weupe wa kuishiwa damu hauji kama vitabu vingi vinavyosema. Unakuja kama kijivu, kama ngozi imepoteza mng'ao.

Cha pili ni akili. Mgonjwa aliyechanganyikiwa kwa fujo, anayevuta kanula, kile kijibomba cha kwenye mshipa, na kutaka kushuka kitandani, atapata daktari haraka kwa sababu anasumbua. Ninayemhofia zaidi ni mtulivu. Mtu aliyekuwa akilalamika siku nzima, ikifika saa 5 usiku ananyamaza, na wodi nzima inashukuru kwamba hatimaye amelala. Huyo mwamshe. Muulize yuko wapi, ni asubuhi au usiku, mwanawe anaitwa nani. Kama hajaamka sawasawa, pima sukari kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu sukari iliyoshuka chini ya milimoli 4 kwa lita inatibika kwa dakika chache na ikiachwa inaua ubongo. Toleo la mwaka 2017 la mfumo niliousema liliongeza kuchanganyikiwa kupya kuwa dalili ya kujitegemea yenye alama 3, na nilifurahi sana, maana zamani tulikuwa tunaandika "mzee, amechanganyikiwa" kana kwamba uzee wenyewe ndio ugonjwa. Swali la maana ni hili: alikuwa hivi jana?

Na anayelijua jibu ni ndugu. Binti mmoja alinifuata mezani akasema, "Sista, samahani, mama ameniita jina la marehemu shangazi. Mara mbili." Vipimo vya mama vilikuwa vimechukuliwa nusu saa kabla na vyote vilikuwa vinapendeza. Nilienda naye kitandani. Mama alinitazama vizuri tu, akanisalimia, "Karibu mwanangu," ila mikono ilikuwa inachuma vitu visivyokuwepo juu ya shuka. Joto lilikuwa limeanguka hadi 35.8, si kupanda. Wazee wengi wakipata maambukizi mazito hawapandi homa, wengine hushuka. Mkojo kwenye mfuko ulikuwa mililita 40 tangu saa 12 jioni, na ilikuwa imefika saa 4 usiku. Mama mwenye kilo 60 tunamtarajia atoe angalau 30 kwa kila saa. Alianza antibiotiki na dripu usiku huo, kabla presha haijagusa chini. Kama binti angeambiwa "mzee amechoka tu, mwache alale," asubuhi tungekuwa tunaongea habari nyingine. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 2024, hospitali zilianza kutekeleza kanuni inayowapa mgonjwa na familia yake njia ya kuomba timu nyingine ije kumtazama mgonjwa wanapoona anazidiwa na hawasikilizwi. Natamani kila wodi duniani iwe nayo. Mpaka iwepo, ndugu akikuambia "huyu si yeye", lichukulie kama kipimo na uliandike kwenye chati kwa maneno yake.

Ukishaona, sasa umwite mtu, na aje. Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, kwa sababu tumelelewa kuheshimu aliye juu, na saa 9 usiku sauti ya daktari aliyeamshwa inaweza kumfanya muuguzi kijana ajione msumbufu. Simu ya kusema "Dokta, mgonjwa wa kitanda cha 6 hayuko vizuri" haimwamshi mtu. Haina kitu cha kushika. Kuna mpangilio wa kuongea uliotokea kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ukaingia hospitalini: hali ilivyo, historia kwa ufupi, unavyoitathmini, na unachoomba. Mimi huandika kwenye kipande cha karatasi kabla sijapiga, halafu nasoma:

"Dokta, naomba uje sasa hivi kumwona mgonjwa wa kitanda cha 6. Ana siku tatu tangu akatwe utumbo. Anapumua mara 28, saa nne zilizopita alikuwa 18. Mapigo 108, oksijeni 97 akiwa kwenye oksijeni. Tumbo limekaza kuliko asubuhi na hawezi kumaliza sentensi. Nahofia mshono wa ndani umeachia. Nimeshamwekea kanula ya pili. Utafika baada ya dakika ngapi?"

Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, na linaulizwa kwa adabu kamili. Akisema dakika 15, unasema asante, unaandika saa. Zikipita, unapiga tena. Zikipita tena, unampigia aliye juu yake, na unamwambia yule wa kwanza kwamba umefanya hivyo. Nimewahi kuambiwa na daktari kwamba namruka. Nilimjibu, "Dokta, sijakuruka, nimemwongezea mgonjwa msaada," na asubuhi tuliendelea kufanya kazi pamoja bila kinyongo. Hospitali ya Liverpool ya jijini Sydney ilianzisha mwaka 1990 timu ambayo muuguzi yeyote anaweza kuiita moja kwa moja mgonjwa anapofikia vigezo fulani, na moja ya sababu zinazokubalika katika timu za namna hiyo ni kwamba muuguzi ana wasiwasi. Wasiwasi tu. Naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu wasiwasi wa mtu aliyemgeuza mgonjwa huyo huyo mara nyingi, akamwosha na kumlisha, umejengwa na mambo ambayo bado hayajapata namba.

Na wakati unasubiri, usimwache. Muagize mwenzako akalete vitu. Mkalishe kama presha inaruhusu, mapafu yapate nafasi. Kama presha imeanguka, mlaze. Asiyeamka vizuri mgeuze ubavu na usimpe chochote mdomoni, hata maji ambayo ndugu wamemsogezea kwa huruma. Fuata mpangilio ule ule kila mara: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, kisha mfunue umwone mwili wote. Tafuta mshipa mapema, kwa sababu saa moja baadaye mishipa itakuwa imejificha. Bonyeza ncha ya kidole au kifua kwa sekunde 5 na uachie; rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, damu haifiki pembeni sawasawa. Gusa magoti. Magoti ya baridi yenye mabaka huwa yananitisha kuliko namba nyingi. Kumfunua mgonjwa kunasahaulika sana, na nimeona bandeji iliyoloa damu mgongoni ambayo hakuna aliyekuwa ameijua, kwa kuwa shuka lilikuwa limenyooshwa vizuri mno juu yake.

Yote haya mwambie mgonjwa unapoyafanya. Mtu anayekosa hewa ana hofu ambayo wenye afya hatuijui, na hofu yenyewe inamla pumzi. "Niko hapa, mzee. Sitoki. Daktari anakuja. Toa hewa taratibu." Maneno ya namna hiyo hayagharimu kitu, na nimehesabu pumzi zikipungua kwa mbili tatu kwa sababu mkono ulikuwa begani.

Si kila anayezorota tunamzuia asizorote. Kuna mgonjwa ambaye yeye, familia na madaktari wamekubaliana kwamba hapelekwi mahututi tena, na kwake upumuaji wa haraka haumwiti mtu na mashine, unaita dozi ndogo ya mofini ya kumpunguzia dhiki, dirisha lifunguliwe, midomo ilowanishwe, ageuzwe kwa upole. Jambo hili liandikwe wazi kwenye faili mchana, wakati watu wametulia, wala lisiachwe liamuliwe na muuguzi wa usiku akiwa amesimama peke yake. Na uuguzi haupungui hapo. Kwa kweli unaongezeka.

Najua atakayesoma haya akiwa na wagonjwa 30 kwenye zamu atauliza dakika hizo zitoke wapi. Ni swali la haki. Utafiti mkubwa wa nchi 9 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huambatana na ongezeko la 7% la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Anayepanga zamu, basi, naye anabeba dhamana ya pumzi zile zisizohesabiwa. Siku ambazo hakuna wa kuniongezea nguvu, nachagua. Nawahesabia dakika nzima kwanza waliotoka thieta leo, waliotoka mahututi tangu jana, walio kwenye oksijeni, na kina mama waliojifungua muda si mrefu, ambao NEWS2 haikutengenezwa kwa ajili yao wala kwa walio chini ya miaka 16, kwa hiyo hao wanahitaji vigezo vyao wenyewe. Kabla ya hao wote namwuliza mwenzangu anayenikabidhi zamu, akiwa bado hajavua glavu: "Nani unamhofia?" Karibu kila mara hutaja kitanda hapo hapo, hata kama hajui sababu. Naanzia kwa huyo, na kuhesabu kwangu kwa kwanza nahesabu naye akiwa amesimama pembeni, ili anieleze alikuwaje saa chache zilizopita.